Mabakuli Matatu ya Liège

Jumanne, 3 Septemba 1974. Arua.
Naandika hapa kwa sababu ripoti itasomwa na wakubwa, nami nahitaji mahali pa kuweka yasiyowafaa. Asubuhi nzima nimesafisha mabakuli. Matatu, ya kioo cha urembo, rangi ya maziwa inayogeuka samawati yakielekezwa dirishani. Mkurugenzi wa ofisi yetu aliyapata kwa afisa mmoja wa jeshi huko Koboko. Anataka kujua yalitengenezwa wapi na nani, kabla hayajapelekwa Kampala kuwa zawadi. Nikifaulu, nafasi ya kazi katika makumbusho ni yangu. Ameahidi.
Vitako vyake vimegandwa na saruji. Uzembe wa ghala fulani, bila shaka.

Alhamisi, 5 Septemba.
Nimefaulu! Siki, maji moto, kijiti. Saruji yote imebanduka. Hakuna mshono wa kalibu, ule unaoachwa na kioo kilichomiminwa: yamepulizwa kwa mdomo. Chini, kwa ncha ya sindano: A. Vernoy, Liège. Ubelgiji, basi, kupitia Kongo. Nimejipongeza kwa sauti, peke yangu chumbani, hapa mtaani Mvara.

Jumamosi, 7 Septemba.
Sipendi kulala nayo chumba kimoja. Alfajiri nimesikia kijiko kikigonga kioo, taratibu, kama mtu anayemalizia uji. Sina kijiko chumbani. Ni upuuzi.

Jumatatu, 9 Septemba. Koboko.
Nimekuja na bakuli moja kuulizia njia ambayo mabakuli yalipitia, ili ripoti ikamilike. Sokoni, nilipoeleza nimesomea wapi na jinsi nilivyoyasafisha mabakuli, Mkongo muuza vitenge alinicheka: "Eh, muheshimiwa! Chuo kikuu sasa inafundisha kuosha sahani?" Nikafunua gazeti nililolifungia bakuli. Kicheko kikakatika. "Hii iko ya kaburi ya mutoto ya Mama Solange. Funika."
Alinipeleka. Kaburi fupi la saruji. Juu yake mashimo matatu ya duara. Nililiweka bakuli katika la kwanza. Likakaa sawasawa.
Mama Solange hakulia. Aliyabeba mabakuli hayo walipokimbia vita vya Kongo. Mtoto wake, alipokuwa hai, hakukubali kula kwa chombo kingine. Askari waliyang'oa. "Tangu waondoe, anakuja kuomba chakula," alisema. "Nitamuwekea mu nini?"
Nilimjibu kwamba bakuli ni mali ya ofisi. Nikaondoka nalo. Sikumtazama machoni.

Jumatano, 11 Septemba. Arua.
Nimemweleza Mkurugenzi yote. Alifunga mlango kwanza. "Kijana, ripoti yako iishie Liège. Unataka mimi na wewe tupotee?" Gari la Kampala litaondoka Jumatatu. Nilisema ndiyo, bwana. Najichukia kwa jinsi nilivyokubali upesi.
Kijiko tena, alfajiri. Sasa kinakwangua. Bakuli tupu.

Ijumaa, 13 Septemba.
Manyunyu tangu asubuhi. Ofisi kimya.
Nitasema sanduku lilianguka, mabakuli yote yakavunjika. Makumbusho yatampata mwingine. Naogopa, lakini si kama nilivyoogopa juzi.
Jana nilimtumia muuza vitenge ujumbe kwamba nitayarudisha; leo amenitumia jibu kwa dereva wa lori. Safari hii Mama Solange atayafukia ndani ya udongo, yasionekane na mtu. Atanisubiri kaburini Jumapili, tarehe 15, saa moja asubuhi.