Kiti cha Mzee na Njia ya Pamba

Mwenzangu, uko? Nimefanya ujinga, hata sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimpa fundi seremala kile kiti cha marehemu mume wangu. Nilichoka kukiona kitupu.

Nikasahau kwamba Pamba haoni. Yule kijibwa nimempaka dawa ya macho leo hii hii kwa mkono wangu, halafu nikasahau.

Kumbe kiti ndicho kilichokuwa njia yake. Anakigusa kwa pua, anapinda kushoto, anafika kwenye maji.

Leo kafika pale, hakuna kitu. Akazunguka, akazunguka, akajigonga ukutani, akaketi akalia kama mtoto. Hata siku tuliyomzika mzee hakulia hivyo.

Nikampigia fundi. Ananiambia, "Bibi, nimeshakipasua. Mbao zake nzuri sana."

Mbao zake nzuri sana. Nilimpa mwenyewe.

Basi nimekaa mimi sakafuni, pale pale kilipokuwa. Pamba kaja, kanigusa goti kwa pua, kapinda kushoto, kanywa maji.

Magoti yananiuma lakini siinuki. Ukija, sukuma mlango tu.