Chaja Yenye Maandishi Mekundu

Jumatatu, 3 Machi

Leo wamelivuta lile gari langu la zamani kwa kamba, kama mlevi. Sikulia. Ambulensi ya dizeli imeninukisha mpaka mto wa kulalia.

Jipya ni la umeme. Halingurumi, halitoi moshi. Nimempeleka mzee mmoja wa pumu hospitali, tumefika ananiuliza, "Mwanangu, mbona hatuondoki?" Nimecheka mpaka nesi akanikanya.

Nimemsimulia Baba Watoto. Hakucheka. Fundi wa injini acheke nini? Kasema hilo ni jokofu lenye magurudumu, umeme ukikatika mtalisukuma. Najua kinachomuuma — gari lisilotaka oili wala plagi litampa kazi gani?

Alhamisi, 6 Machi

Umeme ulikatika asubuhi. Jenereta ya hospitali inatosha chumba cha upasuaji tu, basi nikashinda roho juu, betri nusu. Sawa. Hilo mtu unajipanga.

Lisilopangika ni hili. Umeme umerudi, nateremka uani, nakuta gari la Mkurugenzi wa hospitali kwenye chaja. Gari lake binafsi, jeupe, la umeme nalo, bado lina nailoni kwenye viti. Chaja ni hiyo moja, na juu yake pameandikwa AMBULENSI kwa rangi nyekundu! Mlinzi anasema kaambiwa asiruhusu mtu kuligusa.

Nikapanda ofisini. Mkurugenzi hakuinua macho kwenye simu. "Si unaweza kuchaji usiku, dada? Tushirikiane."

Tushirikiane. Yeye kaleta nini cha kushirikiana?

Jumanne, 11 Machi

Sijavua hata sare. Naandika hivyo hivyo.

Mchana tuliitwa kumchukua mama mwenye uchungu, uzazi wa kwanza, mtoto kakaa vibaya. Betri ilikuwa chini. Gari jeupe lilikuwa kwenye chaja tangu asubuhi. Nikampigia Mkurugenzi — hapokei. Nikapiga tena — hapokei. Nimwache mama wa watu? Nikaondoka.

Kwenda tulikwenda. Kurudi, nikazima kiyoyozi, nikazima hata king'ora. Nesi yuko nyuma anamfuta jasho yule mama, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Tutafika?" Nikasema tutafika. Mama mkwe wake kakaa naye, anamshika mkono.

Kwenye kilima cha mwisho, paa la hospitali tunaliona kabisa, gari likaanza kujivuta, likasimama.

Dizeli ikiisha unakimbia na dumu. Umeme nitaubeba kwenye nini?

Ikapita pikapu ya saruji. Nikasimama katikati ya barabara, dereva wake nusura anigonge. Tukampandisha mama juu ya mifuko. Wamempasua. Mtoto katoka hajalia. Yuko kwenye oksijeni. Jioni gari limevutwa kwa kamba mpaka uani.

Jumatano, 12 Machi

Kikao. Mkurugenzi kawaambia wote kwamba dereva alizembea kuchaji. Nikasema chaja ilikuwa na gari lako. Akatabasamu. Tusitafute mchawi, kasema, uchunguzi utafanyika, ila Ijumaa nikabidhi funguo na nikapumzike nyumbani. Nikamtazama mlinzi. Mlinzi akatazama viatu vyake. Ana watoto, najua. Hata mimi ninao.

Nyumbani Baba Watoto kaanza: nilikwambia, magari haya bure kabisa. Nikamfokea na yeye. Gari halina kosa! Lile la dizeli lilikuwa linawakohoza wagonjwa wangu, hili linawabeba kama mayai. Kilichonisimamisha pale kilimani ni mtu, tena ninamjua, ana ofisi na mapazia.

Kanisogezea chai. Baadaye kabisa akauliza, "Kwani ukiwahi wewe kwenye chaja, atakufanya nini?"

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita wodini. Mtoto bado kwenye mashine, daktari anasema tusubiri. Mama mkwe kanifuata kwenye korido. Gari liliharibika nini, mwanangu? Nikamwambia halikuharibika. Nikamweleza yote, na gari jeupe ni la nani. Kanisikiliza mpaka mwisho, kajifunga kanga vizuri, karudi ndani.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia kwenye usukani.

Baba Watoto kanisindikiza alfajiri. Nimewahi. Nimechomeka waya, nimekaa ndani, milango nimefunga. Funguo ziko mfukoni mwangu.

Mkurugenzi kaja na gari lake betri inaishia, ana safari ya mkutano. Kapiga honi. Kashuka, kanigongea kioo: toa gari. Nimemwambia likijaa. Akasema nimeshafukuzwa, sina haki ya kukaa humo. Nikasema Ijumaa haijaisha. Kamwamuru mlinzi anitoe. Mlinzi kasema hana ufunguo, mkubwa, kisha kaenda kusimama getini kutupa mgongo.

Sasa kajifungia ndani ya gari lake, anapiga simu. Ya polisi labda. Wauguzi wamejaa madirishani. Na mimi nimekasirika mpaka hofu imekosa pa kukaa.

Mlango wa wodi ya wazazi umefunguka. Yule mama mkwe. Miguu peku, macho mekundu, kaja moja kwa moja uani. Sijui katoka na habari gani huko ndani. Kwangu hakutazama. Kaenda kwenye gari jeupe, anagonga kioo kwa kiganja, polepole, kama anayebisha hodi kwa jirani.

Kioo kinashuka.