Samaki Asiyeonja Moto

Kibimba, Ngara
Juni 1994

Mdogo wangu Gidioni,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata ya kufungua bahasha. Habari za Nyakanazi na malori yako? Kidonda cha mguu kimepona, au bado unakipaka grisi ukiita dawa? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mihogo imeng'olewa yote, miti imekwisha kwa kuni za kambini, na baba mdogo Ildefonce anakusalimu.

Sasa kaa chini. Nina mtu darini, juu ya jiko langu, pale ninapotunza mahindi. Alivuka mpaka na msururu wa wakimbizi. Kule alikotoka alimwona mwanamume mmoja akiua majirani, na mwanamume huyo naye sasa yuko kambini. Muuaji huyo anamsaka mgeni wangu nyumba kwa nyumba, akidai anamtafuta dada yake.

Mgeni wangu kifua chake kibovu. Nikiwasha moto, moshi unapanda na anakohoa mpaka barabarani wanasikia. Basi nikaacha kuwasha. Utauliza tunakula nini. Namfulia nguo nesi mmoja wa Peru pale misheni, naye alinifundisha chakula cha kwao. Unachukua perege wa bwawa la misheni (wa ziwani hatugusi mwaka huu, unajua mto umebeba maiti), unamkata vipande vidogo, chumvi, kitunguu, pilipili, kisha unamkamulia ndimu mpaka azame. Ukisubiri, nyama inageuka nyeupe kama iliyochemshwa. Mwanzoni nilimwambia nesi wazi kwamba kwetu anayekula hivyo ni paka. Leo paka ni mimi, na vidole nalamba!

Lakini kumbe nilijisahau, mjinga mimi. Jioni watu huombana moto. Felisita, jirani yangu, alikuja na kigae chake kuchukua kaa akakuta majivu ya baridi. Nikasema naumwa. Kesho yake akakuta vilevile, akaniuliza nina msiba gani nisioutangaza. Maneno yakatembea.

Jana akaja na mwanamume mwembamba, mpole, aliyesema anamtafuta dada yake. Gidioni, ndiye yeye. Nikawaonyesha bakuli, nikasema kuni sina, nikala mbele yao. Yule mwanamume akaonja, akasifu, kisha akauliza mjane wa peke yake anamalizaje bakuli kubwa namna ile. Akasema ataniletea kuni, na leo jioni atakuja mwenyewe kuota moto. Tangu alfajiri vijana wake wamekaa njiani mbele ya nyumba, siwezi kumtoa mtu.

Nimekuzungusha vya kutosha. Ulimlilia, ukanyoa nywele, tukamwombea misa. Clotilda hakufa kule kwao. Aliye darini ni mkeo. Sikukuambia kwa sababu nakujua, ungekuja mbio na panga mkononi, nikawazika wote wawili.

Barua hii anaileta Sista Agness wa misheni mwenyewe. Ukiisoma, ichome. Njoo na lori, simama misheni, usikanyage kwangu mpaka padri akuambie hali. Najua leo hutawahi. Niombee, na uwasalimie wenzako wote hapo.

Mkeo anakusalimu sana. Ameshalowesha kitenge cha kung'ata kikohozi kikimjia. Kuni zimeletwa asubuhi hii, nazo ni mbichi zote.

Ni mimi dada yako,
Suzana