Penye Jina la Mama

Jumapili, tarehe 22

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kuuma, na kwamba siku hizi unakaa unapopiga pasi mashuka ya zahanati, kama nesi alivyokuagiza. Sisi huku tu wazima. Mama Mdogo anakusalimu sana. Cherehani zake hazipumziki, maana shule zinakaribia kufunguliwa na sare hazijafika hata nusu.

Ulitaka nikueleze habari ya ufadhili wa chuo kwa maandishi, kwa kuwa kwenye simu tunaishia kupigiana kelele. Nimefungua shajara yangu ili nisikosee tarehe.

Tarehe 3 nilikwenda duka la intaneti lililo mkabala na karakana ya Mama Mdogo. Mwenye duka wanamwita Profesa, ingawa mwenyewe anasema shule ilimkimbia. Tulijaza fomu ya serikali ukurasa kwa ukurasa. Penye jina la mama niliandika lako, bila hata kufikiri. Mtandao ukakataa: jina halilingani na cheti cha kuzaliwa. Nikarudia herufi kwa herufi, ukakataa tena. Profesa akaniuliza kama mama yangu namjua au tubahatishe. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwenye cheti yumo Mama Mdogo. Miaka kumi na saba nimekuita wewe Mama na yeye Mama Mdogo, nikasahau kwamba serikali haina habari.

Tulipoweka jina lake, fomu ikadai kipato chake. Karakana yake imesajiliwa, kwa hiyo ningepewa ada tu, bila malazi wala chakula. Profesa akasema dawa ipo: hati ya kiapo kwamba mama mzazi alinitelekeza na kwamba mlezi wangu ni wewe. Akanitoa wasiwasi, akasema tangu asubuhi hajahudumia mtu ambaye hakutelekezwa. Nilipokupigia, wewe nawe ulisema nifanye hivyo hivyo, nipate bweni la chuo, nisiende kumganda mtu nyumbani kwake.

Tarehe 9, baada ya wakili kuiandika hati, nilimpelekea Mama Mdogo. Alikuwa anakata kola. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza kama neno "kutelekeza" ni lazima liwemo. Nikajibu ni lazima. Akasema hawezi kuniharibia masomo kwa ajili ya neno moja. Akafuta chaki mikononi, akatia sahihi, akarudi kwenye kola zake. Fundi wake, ambaye mdomo wake haujui likizo, aliinama akajifanya anatafuta sindano sakafuni, na hakuinuka mpaka nikatoka.

Tarehe 14 ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma. Siku hiyo nilikuambia kwamba mtandao uligoma kuipokea hati. Mama, mtandao haukugoma. Profesa alikwisha kuipakia, kulibaki kubonyeza tu. Nilimwambia aiondoe, tutume fomu bila hati. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akasema akili ni nywele, na zangu hajui amezinyoa nani. Akaiondoa, tukatuma.

Majibu yalitoka tarehe 20. Ada nimepewa yote, malazi hakuna. Kwa miaka minne nitaishi kwa Mama Mdogo.

Ningeweza kukuambia kwamba niliogopa kuidanganya serikali. Niliogopa kidogo, lakini si hilo. Kiapo chenyewe hakikuwa cha kweli, na hilo unalijua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyeniomba kwake ulipoona hujajaliwa wako. Lakini hata kingekuwa cha kweli, ningekiondoa. Nilitaka kuishi naye. Najua jambo hili umeliogopa tangu nilipofaulu mtihani, ndiyo maana nikasingizia mtandao. Hakuna aliyenishawishi. Yeye mwenyewe mpaka leo anadhani hati ilitumwa ikakataliwa, na sitamwambia kabla hujanijibu.

Chuo kinafunguliwa tarehe 5 ya mwezi ujao. Wiki moja kabla nitakuja kuchukua nguo na vitabu, na ukitaka kunisema, utanisema uso kwa uso. Nisalimie majirani wote. Jibu lako nalisubiri, hata likiwa la hasira.

Ni mimi,
mwanao wa pekee.