Saa ya Kidani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 24 Oktoba 1983
Katika La Chaux-de-Fonds yote, mji huu wa mafundi saa wa Uswisi, hakuna saa iliyowahi kunidanganya. Naiweka kiganjani, naipindua mara moja, nakwambia nani kaitengeneza, mwaka gani, na kama siku hiyo alikuwa amekunywa.

Uongo mtupu. Mimi nilikuwa msugua makasha, yale maganda ya nje ya saa. Dhahabu na fedha za watu zimepita kwenye brashi yangu maisha yote — makasha, makasha, makasha! Mashine za ndani nimeziona kama mtu anavyoona chumba cha jirani: mlango ukisahauliwa wazi. Lakini walionijua vizuri wamekufa, na waliobaki wananiita bingwa. Niwabishie kwa nini?

Leo kaja Maude, mjukuu wa shemeji Edmée. Theluji imeshaanza, kaniachia dimbwi zuri mlangoni. Kafungua leso, katoa saa mbili za kidani, zile za kina mama za kuning'inia kifuani kwa mkufu. Dhahabu, mgongo wa enameli ya buluu, ua jeupe katikati. Mapacha! Moja ya bibi yake Edmée, nyingine ya shemeji Bluette.

Kabla hajaketi nikajua balaa limeingia. Marehemu mke wangu Hélène alikuwa na dada wawili, ndio hao, na hao hawajasemezana tangu siku walipomzika baba yao. Walifika kaburini kila mmoja na saa ya mama yao kifuani. Mama mmoja, saa moja, vifua viwili! Mchungaji aliimaliza sala mbiombio.

Maude anasema bibi yake anapasuliwa moyo Jumanne ya tarehe nane, huko Bern, na daktari hakutaka kuahidi kitu. Dada hao wamekubaliana jambo moja tu, tena kwa kupitia kwake: babu Numa, yaani mimi, aseme ipi ndiyo saa ya mama. Mwenye ile nyingine atamwendea mwenzake na kumwomba radhi.

— Kabla ya tarehe nane, babu. Na usilete mzaha.

Nikamwambia mzaha hauletwi hapa, ndipo unapolala.

Jumatano, 26 Oktoba
Nimezikagua. Ya Bluette ina maandishi ndani ya kifuniko cha nyuma: Lina, 1912. Lina ndiye mama mkwe. Ya Edmée haina kitu. Mtu mwingine angefunga kesi hapo akaenda kunywa. Lakini Edmée siku zote husema jina hata sufuria huchongwa. Ati baba alilichongesha baadaye ili kumfurahisha kipenzi chake Bluette.

Haya, hapo ndipo penye kazi yangu. Herufi iliyochongwa karibuni ina kingo kali, ukipitisha kucha inakwaruza. Ya zamani imeliwa na vidole, na jasho, na wasugua makasha kama mimi. Nikapitisha kucha. Laini kama sabuni iliyotumika! Jina hilo lilikuwa mle kabla Bluette hajaota meno.

Basi, ni ya Bluette. Kazi ya kufumba na kufumbua, nami nikaivuta hadi jioni. Bingwa hawezi kumaliza upesi hivyo.

Alhamisi, 27 Oktoba
Nilikwenda kwa Bluette kwa sababu ya keki ya plamu. Kusema sikukusudia.

— Shemeji, leo unakula kama mtu mwenye habari.
— Nakula kama mjane.
— Mjane hali vipande vitatu. Toa hiyo habari, au rudisha keki.

Keki ilikuwa imeshapita. Nikasema.

Nilidhani atapiga vigelegele. Wapi! Alichukua kitambaa akaifuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena. Kisha akasema, polepole: aje basi, aombe radhi. Na mimi nitamwekea kiti kile cha dirishani.

Jumamosi, 29 Oktoba
Maneno ya kiti cha dirishani hayakufika popote. Yaliyofika ni mengine. Bluette kaenda sokoni asubuhi, kamwambia muuza jibini, muuza jibini kamwambia muuza kabichi, na kabichi ya mji huu ina masikio. Mchana Edmée alikuwa anajua, tena kwa chumvi: kwamba ameitwa mwizi.

Maude kanipigia simu. Bibi amesema radhi haombi. Na Bluette asithubutu kufika Bern, hata kufuata jeneza.

— Ulimi wako, babu, ungefungiwa kwenye kasha!
— Kasha gani hilo litakaloutosha?

Kakata simu.

Ajabu. Nimesema kweli mara moja katika mwaka huu, ona ilivyokwenda.

Jumatatu, 31 Oktoba
Nimezipeleka saa kwa Ariane Calame, fundi wa makumbusho ya saa. Binti wa shule, miwani, koti jeupe. Nilitaka aseme nilichosema mimi, lakini kwa cheti. Edmée huheshimu cheti.

Akazifungua zote mbili, akaweka lenzi jichoni.

— Mzee Numa, mashine umezitazama?
— Nimeziona.
— Sikuuliza hivyo.

Huyu akiolewa, mumewe atakoma.

Akanionyesha. Mashine hushikiliwa ndani ya kasha kwa skrubu mbili, na vichwa vya skrubu huuma ukingo wa dhahabu. Kila mashine huuma mahali pake. Kwenye kasha la Bluette kuna alama za meno mara mbili: ya zamani, yamejaa uchafu mweusi, na mengine ya baadaye. La Edmée hivyohivyo. Nimesugua makasha maelfu upande wa nje!

Ariane akatoa mashine ya Edmée, akaiweka ndani ya kasha la Bluette. Ikaingia kwenye yale meno ya zamani kama mguu kwenye sapatu yake. Akaitoa, akageuza lile gurudumu dogo linalochezacheza, akaniuliza: na hiki ni nini?

Mguu wa kuku. Vidole vitatu, umekwaruzwa kwa sindano.

Nikakaa chini. Mama mkwe alikuwa mtegaji wa springi, zile nyembamba kama unywele zinazoipa saa mwendo, alikuwa akizitega nyumbani kwake penye dirisha la jikoni. Kila saa iliyopita mkononi mwake aliichora mguu wa kuku mahali ambapo bwana mkubwa hatazami. Hélène wangu alijifunza kwake. Wake ulikuwa na vidole viwili. Kwenye mashine ya Bluette hakuna kuku wala yai.

Ndiyo hivyo. Kasha alilovaa mama liko kwa Bluette. Mashine aliyoitega mama iko kwa Edmée. Na kazi ya baba mkwe Aurèle ilikuwa nini? Kuingiza mashine kwenye makasha, tangu ujana mpaka macho yalipomwisha! Mzee alitafuta saa ya pili inayofanana, akazifungua, akachanganya, akampa kila binti nusu ya mama. Nami nilidhani yule mzee hana utani hata kidogo. Hélène hakupewa saa. Alipewa mimi.

Na mimi msugua makasha nikaapa kwamba kasha ndiyo saa. Ungemuuliza mchoraji wa nyuso za saa, angesema uso. Hapa kwetu ndivyo tulivyo, kila mtu kipande chake.

Ariane anasema anaweza kuzirudisha kama zilivyokuwa, asubuhi moja tu. Itakuwapo saa moja nzima ya mama, na nyingine isiyo ya mtu.

— Nirudishe?
— Rudisha.

Nilipofika mlangoni nikasema acha. Nje kwenye ngazi nikarudi nikagonga, nikasema acha kabisa, nikaondoka nazo vilevile zilivyochanganywa.

Jumatano, 2 Novemba
Theluji. Sikutoka. Soseji baridi.

Nikiwaambia yote, watagombea nusu ipi kubwa. Nawajua hao. Nikinyamaza, Edmée anakwenda kupasuliwa na uchungu wake uleule. Jirani kaja kuazima koleo, kaniuliza mbona uso umekunjamana. Nikamwambia ni uzee, sasa ndiyo umefika.

Ijumaa, 4 Novemba
Nimempigia Edmée mwenyewe.

— Nani?
— Shemeji yako mzuri.
— Alishakufa.
— Njoo kwangu Jumapili. Nilikosea.
— Kwa hiyo ni yangu?
— Njoo kwa miguu yako ujue.
— Miguu yangu imevimba, Numa. Nitakuja kwa ya Maude.

Kisha Bluette. Yeye hakuuliza habari za saa. Aliuliza: na yeye atakuwapo? Nikasema nani? Akasema nisimchezee. Akasema keki ataoka ndogo tu.

Jumapili, 6 Novemba
Naandika chumbani, kwenye meza yangu ya kazi. Wao wako jikoni. Nimesema natafuta miwani.

Bluette alifika kwanza, na keki kubwa kama gurudumu la baiskeli. Edmée akaja ameegemea Maude. Amekonda! Koti linatembea peke yake. Hakuna aliyemsalimu mwenziwe. Walinisalimu mimi, mmoja kulia, mwingine kushoto, kama mimi ndiye ukuta.

Saa zilikuwa mezani juu ya kitambaa. Asubuhi nilizisugua zote mbili, mikono ilijipeleka yenyewe, na kila mkwaruzo waliokuwa wakizitambulia umeondoka. Bluette akanyakua moja: hii ndiyo yangu, nimeijua kwa uzito. Ni ya Edmée. Edmée akachukua iliyobaki, akaibandika sikioni, akafumba macho: huu hapa, mlio wa mama. Ni ya Bluette!

Maude akanitazama. Mimi nikatazama dari. Ndipo miwani ilipopotea.

Ukuta huu ni mwembamba. Kwanza vijiko tu. Halafu Bluette: mama aliivaa upande wa kushoto. Edmée: kulia, kushoto alikuwa anakubeba wewe, mzito weee. Bluette tena, sauti imeshuka: baba alinipa nikiwa naanika nguo. Kaniambia usimwonyeshe Edmée, ataumia.

Kiti kikalia sakafuni.

— Mimi alinipa ghalani, akasema Edmée. Kaniambia usimwonyeshe Bluette. Ataumia.

Kisha nikasikia kitu. Sijui kama ni kicheko au kikohozi. Nijuavyo, Edmée amekatazwa kukohoa. Maude anasema bibi, polepole, bibi! Na sasa ni wawili wanaokohoa.

— Numa! Huyo ni Bluette. Miwani unayo puani! Toka utuambie: mzee alimdanganya yupi?

Hajui hata ameshika ya nani.

Nakuja, nimesema. Sijainuka. Ulimi unaniwasha kuliko pua.

Hélène, nisikilize. Lile bakuli la supu la mama yako, lenye maua, nilisema nimelivunja mimi. Wewe ulikuwa umesimama na kishikio chake mkononi, ukanikonyeza. Dada zako wamenisimanga kwa bakuli hilo kila Krismasi mpaka ukazikwa, wala sikufungua mdomo. Ni kitu kidogo, lakini unadaiwa. Nilipe leo: nishikie ulimi, mpaka wamalize kahawa tu.