Pedali Nzito Kabla ya Harusi ya Benite

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kufikiri, maana nimefikiri peke yangu wiki tatu na sasa sijui tena kama kizito ni pedali ya gari au mguu wangu. Nina miaka sabini na mitatu, mzaliwa wa Bukavu, mkazi wa Mutanga Nord hapa Bujumbura, na gari langu ni lile dogo la mwaka 1968 lenye injini nyuma, ambalo tukikimbia vita mwaka 1996 nilivuka nalo mpaka kuingia Burundi pamoja na familia na sanduku moja la vitabu, na tangu hapo silipaki bila kuligeuza lielekee lango, tanki limejaa, kipande cha mti nimekibana kati ya kiti na pedali ya klachi ili ikae imekanyagwa hadi asubuhi, kwa sababu klachi ikikaa kwenye unyevu hunata, na anayekimbia hana muda wa kuibandua. Sasa mjukuu wangu Benite anaolewa tarehe kumi na nne, amesema, “Koko,” ndivyo anavyomwita babu yake, “mi siendi kanisani na gari ingine,” lakini juzi kwenye foleni ya Musaga mguu ulitetemeka, pedali ikaniponyoka, gari likaruka likapindua kikapu cha nyanya, na mwanangu Divin akasema, “Baba, leta ufunguo, utatuulia bibi-arusi!” Fundi Pontien wa Mutakura anataka kurefusha mkono wa pedali, “Muzee, utaisukuma na kidole,” fundi Bonfils anataka kung'oa kebo aweke mfumo wa gari la Kijapani, ambao klachi husukumwa kwa mafuta, na kila mmoja akieleza namwona ana haki, nikifika nyumbani namwona hana. Nimsikilize nani?

Namegabe

Mzee Namegabe,

Pole kwa mguu, na natumaini mwenye nyanya ulimlipa. Barua yako nilimsomea Melchior, fundi wa magari ya umri huo, akanikatiza kwenye kipande cha mti. “Kila siku? Miaka yote hiyo?” Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Hila hiyo ni ya gari linalolala miezi, si linalotembea kila siku. Kila kebo ya klachi unayofunga, huo mti unaivuta hadi asubuhi, nyuzi zake zinakatika mojamoja na kukwaruza ndani ya mfereji wake, ule mrija inamopita, nawe unazishindanisha na mguu wako. Mafundi wawili, na hakuna uliyemwambia! Uliona aibu, naelewa kwa nini. Lakini fundi hatibu asichoambiwa.

Mkatalie Pontien: pedali ndefu ni nyepesi kweli, ila husafiri mbali zaidi, na chini ya miguu yako hakuna nafasi, gia zitagoma. Bonfils naye mwache na Mjapani wake. Funga kebo mpya na mfereji mpya, uliopinda kidogo tu. Paka grisi panapozungukia pedali. Iache icheze upana wa kidole kabla haijakamata. Mti uondoe leo. Tanki endelea kulijaza, hilo halimuumizi mtu.

Jumamosi mketishe Divin pembeni, kisha panda mlima, usimame na kuondoka mara kumi. Mguu ukitulia, Divin anyamaze. Ukitetemeka hata mara moja, badilishaneni viti papo hapo, bila hotuba. Gari litafika kanisani kwa vyovyote. Kisha siku hiyohiyo, kabla hujavua viatu, nenda mwenyewe ukamwambie Benite ni nani atakayeshika usukani.

Rosette