Hatifungani ya Miaka Ishirini na Mitano

3 Februari

Baba,
Shikamoo. Kifua kimetulia? Mimi mzima, ila mikono imebabuka kwa pasi za hapa hotelini.

Pesa ya kukupasua moyo imeingia kwenye akaunti yako. Nafasi hospitalini hakuna mpaka Juni, kwa hiyo pesa isikae bure. Nunua dhamana ya serikali ya siku tisini na moja: unalipa pungufu, ikiiva unapewa kamili, unakwenda kutibiwa. Hatifungani za miaka mingi ziache. Riba yake nono, lakini pesa yenyewe inafungiwa.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Kifua ni kile kile. Mikono ipake mafuta.

Karani wa benki kanieleza zote. Ile ya siku tisini na moja ni ya wenye haraka. Ya miaka mitano, riba kiduchu. Nimechukua ya miaka ishirini na mitano, wanalipa riba kila miezi sita. Pesa yote iko huko. Usianze kelele.

Baba yako

1 Machi

Baba,
Shikamoo, ingawa hata kukusalimia sina hamu.

Una miaka sabini na mmoja! Hiyo ikiiva utakuwa na tisini na sita! Daktari utamlipa nini, riba ya nusu mwaka? Haifiki hata bei ya kitanda. Miaka mitatu nanyoosha mashuka ya watu, halafu wewe unakwenda kuifungia pesa yangu! Rudi benki ukaiuze. Zinauzwa hata kabla ya kuiva, kwa bei ya siku hiyo. Tukipata hasara, basi.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Usinifokee kama umenizaa.

Siuzi. Kwa umri wangu, wengine wakipasuliwa hawaamki. Nisipoamka, pesa imekwenda na mimi, na mdogo wako atakula nini? Mnamwita Mipango kwa utani, mimi sicheki. Ukimpa pesa ya mkupuo, mara kuku, mara pikipiki, mara kuku tena. Hii itamlisha kidogo kidogo mpaka aote mvi. Nimemwandika yeye mrithi. Wewe unajiweza.

Baba yako

4 Aprili

Baba,
Shikamoo.

“Unajiweza.” Umenikata maini. Kwani anayejiweza hahitaji baba?

Na hiyo akili yako haifanyi kazi hata kidogo! Mipango akirithi ataiuza wiki hiyo hiyo, kama ninavyokuomba uiuze wewe. Karani hakukwambia? Mimi nilichagua ya siku tisini na moja kwa sababu nilitaka upone. Wewe umechagua yako ukiwa umeshajizika.

Nimekopa hotelini na kuongeza mkataba miaka miwili. Hospitali nimeilipa moja kwa moja. Nafasi yako ni tarehe 11 Juni. Usipokwenda, usiniandikie tena maishani.

Mwanao

20 Julai

Mwanangu,
Marahaba ya shikamoo zote ulizonitupia kwa hasira.

Nimeamka. Wamenishona kifua kama gunia, chakula hakina chumvi, na wauguzi wana midomo kukushinda wewe. Mdogo wako ndiye aliyekuwa ananiogesha.

Jana kanishika mkono mpaka benki, nikaiuza. Hasara ipo, kama ulivyosema. Iliyobaki nimekutumia, lipa huo mkopo uvunje mkataba. Nani alikutuma ujiuze miaka miwili kwa ajili yangu? Nimekasirika mpaka mshono unauma. Njoo nyumbani nikufokee uso kwa uso.

Baba yako